Ribaundi: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara

Nafundisha mpira wa kikapu kwa vijana hapa Mbeya, kwenye uwanja wa saruji ambao ukisimama katikati yake unauona Mlima Loleza wote. Ligi ya Marekani, NBA, ikifika mechi za mtoano, vijana wangu hukesha, na jioni wanakuja mazoezini macho mekundu. Malalamiko yao yanafanana: timu yangu inacheza vizuri lakini inaporwa ribaundi. Wazazi nao huuliza, na walimu wa michezo wanaoandaa timu za UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, pia. Nimeyaweka hapa maswali yanayojirudia, na majibu ninayoyaamini.

Ribaundi ni nini hasa?

Mtu amerusha, mpira umekosa. Anayeudaka amepata ribaundi. Akiudaka aliyekuwa analinda ni ribaundi ya ulinzi, akiudaka mwenzake na mrushaji ni ya ushambuliaji. Mpira ukigonga ringi na washambuliaji wakaudaka tena, saa ya kushambulia, yaani muda ambao timu inapewa kurusha, hairudi sekunde 24, inawekwa 14. FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, walianza utaratibu huo mwaka 2014, NBA wakafuata msimu wa 2018-19.

Inakuwaje timu ya kulipwa, yenye watu wa mita mbili na zaidi, ishindwe kudaka mpira?

Hili ndilo swali lenyewe, na nitalijibu kwa urefu.

Mechi ijayo ukiangalia, jaribu kitu kimoja. Mrushaji akinyanyua mikono, wewe acha kuufuata mpira. Angalia miguu ya walinzi walio mbali naye. Utawaona wameganda, shingo juu, wanautazama mpira ukipaa kama watazamaji waliolipa kiingilio. Mpira wa pointi tatu unakaa hewani sekunde moja na kidogo. Katika muda huo mlinzi anatakiwa amtafute mtu wake, amgeuzie mgongo, akae chini kidogo, amhisi kwa makalio na mapaja, ndipo aangalie juu. Hiyo ndiyo tunaita kumfungia mtu nje. Akianza kwa kuangalia juu, amechelewa, maana mpinzani ameshampita kwa nyuma na yuko chini ya ringi.

Watu watano wanatakiwa kufanya hivyo kwa pamoja. Wakifanya wanne, mpinzani atapitia kwa wa tano. Ndiyo maana nasema ribaundi haipotei kwa ufupi wa mtu, inapotea pale kila mmoja anapodhani mwenzake atadaka.

Zipo sababu nyingine, na kwenye ligi ya kulipwa zina uzito kuliko huku kwetu. Ya kwanza ni msaada. Gadi wa wapinzani, yaani mchezaji wa nje anayeongoza mpira, akimpita mlinzi wake na kuingia ndani, senta wako, yule mrefu wa chini ya ringi, analazimika kumwacha mtu wake aende kuzuia. Hata mtupo ukikosa, yule aliyeachwa amebaki peke yake chini ya ringi. Kwa hiyo timu nyingi zinazolaumiwa kwa ribaundi zina ugonjwa unaoanzia mbali kabisa, kwa gadi anayepitwa kirahisi. Ya pili ni kubadilishana watu. Siku hizi walinzi wanabadilishana kila wapinzani wanapowekeana kizuizi, yaani mmoja anapomzibia mlinzi njia ili mwenzake apite, na mwisho wa yote senta wako yuko nje kwenye mstari wa pointi tatu akimlinda gadi, na gadi wako mfupi yuko ndani amebebeshwa mtu wa kilo 120. Ya tatu ni tamaa ya kukimbia: mpira bado uko hewani, mchezaji ameshaanza mbio kwenda upande wa pili kusubiri pasi ya bao rahisi.

Ya nne ni pointi tatu zenyewe. Msimu wa 2009-10 timu ya NBA ilikuwa ikirusha kama pointi tatu 18 kwa mchezo. Msimu wa 2024-25 ilifika zaidi ya 37. Mtupo wa mbali ukikosa, mpira hurukia mbali. Hauangukii tena mikononi mwa senta, unaangukia kwenye mstari wa mitupo huru, ile anayopewa aliyefanyiwa faulo, na kuendelea, mahali wanaposimama magadi. Gadi anayedhani ribaundi ni kazi ya warefu ataigharimu timu yake mchezo.

Nipe mfano wa timu kubwa iliyoangushwa na ribaundi.

Ninayo miwili, na vijana wangu wote wameisikia mpaka wameichoka.

Wa kwanza ni mechi ya saba ya fainali ya mwaka 2010, Lakers na Celtics wa Boston; fainali ya NBA anaichukua anayetangulia kushinda mechi nne. Marekani ilikuwa usiku wa tarehe 17 Juni, huku kwetu ilikuwa alfajiri ya tarehe 18. Senta wa Boston, Kendrick Perkins, alikuwa ameumia goti katika mechi ya sita. Boston waliongoza mpaka tofauti ya pointi 13 katika robo ya tatu. Ukitazama namna Lakers walivyorusha usiku ule, hawakustahili hata kukaribia: asilimia 32.5 tu ya mitupo yao iliingia, na Kobe Bryant alirusha mara 24 akafunga 6. Lakini walidaka ribaundi 23 za ushambuliaji, Boston wakadaka 8. Pau Gasol peke yake alikuwa na ribaundi 18, nusu yake za ushambuliaji. Na Kobe, gadi, siku mkono wake ulipokataa kabisa, alidaka ribaundi 15. Lakers walishinda 83 kwa 79. Boston hawakushindwa kulinda, mitupo waliilazimisha ikakosa. Kilichowashinda ni kuumaliza ulinzi wenyewe, maana ulinzi haujaisha mpaka mpira uwe mkononi mwako.

Wa pili ni mechi ya sita ya fainali ya 2013, San Antonio na Miami. Zimebaki sekunde 28, San Antonio wanaongoza kwa pointi 5. Kocha akamtoa Tim Duncan, mtu wao mrefu na mdakaji wao mkubwa, akaweka watu wepesi wa kubadilishana na kuzuia pointi tatu. LeBron James akakosa. Mpira ukagombewa, ukarudi kwa Miami, LeBron akarusha tena, ukaingia. Muda mfupi baadaye San Antonio wanaongoza kwa 3, LeBron akakosa tena. Chris Bosh akaruka katikati ya walinzi, akaudaka, akamtafuta Ray Allen aliyekuwa anarudi kinyumenyume kwenye kona. Pointi tatu, sekunde 5.2 zimebaki, 95 kwa 95. Miami walishinda muda wa nyongeza 103 kwa 100, na mechi ya saba wakachukua kombe.

Simlaumu kocha aliyemtoa Duncan, alikuwa na hesabu yake na ilikuwa ya akili. Ila nawaonyesha vijana kwamba ulinzi mzuri mara mbili mfululizo, LeBron akikosa mara mbili, ulizaa pointi sita za wapinzani.

Timu yangu ilipata ribaundi 48 mchezo uliopita, halafu mchambuzi anasema ni dhaifu. Anatuonea?

Huenda hakuoneeni. Idadi peke yake inadanganya, kwa sababu ribaundi zinategemea mitupo mingapi imekosa.

Tuseme wapinzani wako wamekosa mitupo 50 na timu yako imedaka 34 kati ya hiyo. Umeacha 16, na umepata asilimia 68. Jirani yako, wapinzani wake wamekosa 36, amedaka 29. Kwenye karatasi wewe una 34 na yeye 29, lakini yeye ana asilimia 81. Yeye ndiye mdakaji bora. Katika NBA ulinzi kwa kawaida huchukua takribani robo tatu ya mitupo inayokosa, kwa hiyo ukishuka chini ya asilimia 70 kila mchezo, una tatizo.

Kwa sababu hiyo hiyo uwe mwangalifu na rekodi za zamani. Wilt Chamberlain alidaka ribaundi 55 dhidi ya Boston tarehe 24 Novemba 1960, na nadhani hakuna atakayeifikia. Alikuwa mtu wa ajabu. Lakini pia enzi zile timu zilikimbia mno na mitupo mingi ilikosa, mipira ya kugombea ilikuwa mingi kuliko leo.

Mtaalamu wa takwimu Dean Oliver aliyagawa mambo yanayoamua ushindi katika manne na kuyapa uzito: kufunga asilimia 40, kutopoteza mpira 25, ribaundi 20, mitupo huru 15. Mimi kwa timu za vijana naipa ribaundi zaidi ya hapo, kwa sababu vijana wanakosa sana.

Kwa hiyo urefu hauna maana?

Una maana. Ringi iko mita 3.05 juu, na asiyeruka sana lakini mrefu anafika mapema. Ila tazama waliofanya kazi hii vizuri kuliko wote. Dennis Rodman alikuwa na sentimita 201, mfupi kwa kazi yake, na aliongoza NBA kwa ribaundi misimu saba mfululizo, kuanzia 1991-92 hadi 1997-98. Alisoma mzunguko wa mpira wa kila mwenzake: huyu mpira wake unazunguka hivi, ukigonga mbele ya ringi utaenda kule. Charles Barkley aliongoza ligi mwaka 1987 akiwa na sentimita 198 kwa vipimo vya vitabuni. Russell Westbrook, gadi wa sentimita 191 hivi, alikuwa na wastani wa ribaundi 10.7 msimu wa 2016-17.

Yupo pia Bismack Biyombo, mtoto wa Lubumbashi, mji unaozungumza Kiswahili kama sisi. Mwaka 2016, mechi ya tatu ya fainali ya kanda ya Mashariki ya NBA, alidaka ribaundi 26 akiwa na Toronto dhidi ya Cleveland ya LeBron. Hakuwa mfungaji, wala hakuwa mrefu kuliko masenta wengine. Aliutaka mpira kila ulipoguswa na ringi.

Na Hasheem Thabeet? Huyu huulizwa kila wiki, na ninaomba tumheshimu. Mtanzania wa Dar es Salaam, sentimita 221, alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA wa mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Alipokuwa chuo kikuu cha Connecticut, msimu wa 2008-09, alipata wastani wa zaidi ya ribaundi 10 kwa mchezo. NBA akapata dakika chache, na kule kila senta ana kilo na miguu ya kumsogeza mwenzake. Urefu unakuingiza mlangoni, lakini nafasi ya kusimama chini ya ringi inagombewa kuanzia kiunoni kwenda chini.

Mbona makocha wengine hawawatumi watu wao kugombea ribaundi za ushambuliaji?

Wanaogopa kukimbiwa. Ukituma watatu kugombea na mkaukosa, wapinzani wanaenda watano kwa wawili. Kwa miaka mingi ya 2010 kuendelea, timu nyingi ziliamua kurudi nyuma mapema. Sasa upepo umegeuka: Houston waliongoza NBA kwa ribaundi za ushambuliaji msimu wa 2024-25, wakipanga masenta wawili kwa pamoja, Steven Adams na Alperen Şengün. Houston hao hao, Februari 2020, walimuuza senta wao Clint Capela na kumpa P.J. Tucker wa sentimita 196 kazi ya kulinda ndani. Walitolewa na Lakers 4 kwa 1 mwaka huo.

Ushauri wangu kwa timu ya shule: tuma wawili, mmoja abaki kati, wawili warudi. Na wasichaguliwe papo hapo, wajulikane kabla mpira haujaanza.

Timu ikicheza ulinzi wa zoni, unamfungia nani nje?

Aliye karibu nawe. Usimtafute mwingine. Zoni, ambapo kila mlinzi analinda eneo, inasumbua kwa ribaundi kwa sababu hakuna aliyekabidhiwa mtu, na kama hamjafundishwa hilo, pumzikeni na zoni kwanza.

Huku kwetu juu kuna tofauti yoyote na Dar?

Ipo, na wengi hawaitilii maanani. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa ni chini kidogo ya hapo. Denver, wanakocheza Nuggets, ni mita 1,609, na timu zote za NBA zinajua robo ya nne ya Denver inavyobana kifua. Ribaundi ni juhudi ya pili na ya tatu: umeruka, umegusa, umetua, ruka tena. Mtu aliyetoka pwani jana hana ile ruka ya tatu. Nyinyi mnaoishi hapa mnayo, itumieni. Nawaambia vijana wangu kwamba mgeni akianza kushika magoti, huo ndio wakati wa kumkimbilia kwenye kila mpira unaokosa.

Halafu kuna mpira wenyewe. Mpira uliopigwa upepo Dar ukapanda nao huku unakuwa mgumu zaidi, kwa sababu hewa ya nje huku ni nyepesi. Unaruka kupita kiasi kwenye ringi na ribaundi zinakwenda mbali. Ukipiga upepo hapa ukashuka nao Dar, unalegea. NBA wanataka mgandamizo wa paundi 7.5 hadi 8.5 kwa inchi ya mraba. Sisi hatuna kipimo, tunauangusha kutoka kichwani: ukirudi kiunoni au juu yake kidogo, tunacheza. Na asubuhi za Juni na Julai, ile baridi yetu inaulegeza tena. Timu nyingi zinasafiri bila pampu, wakati pampu haina hata uzito wa jozi moja ya raba.

Ringi zetu ni za chuma kigumu bila springi. Zinabadilisha nini?

Karibu kila kitu. Ringi ya NBA ina springi, inameza nguvu kidogo. Za kwetu zimechomelewa moja kwa moja kwenye nguzo au ubao wa bati, mpira ukigonga unarushwa kama umepigwa teke. Simama hatua moja nyuma zaidi ya unavyoona kwenye runinga.

Na kila ringi ina tabia yake. Ya upande wa mashariki wa uwanja wetu ina nati moja iliyolegea kushoto. Mpira ukigonga hapo hauruki, unasema "dwii" halafu unaanguka chini ya wavu kama embe. Upande wa kulia unasema "ting!" na unaweza kufika nusu uwanja. Vijana wetu wakisikia mlio wanajua waelekee wapi kabla hawajauona mpira. Mkienda ugenini fikeni mapema, kila mmoja arushe na wengine wasikilize.

Kingine cha kushika popote: mpira uliorushwa kutoka kona mara nyingi hukosea upande wa pili. Ukirushwa kulia, wa kushoto ajiandae.

Nifundisheje, sina vifaa wala uwanja mzima?

Chora duara la chokaa, upana wa hatua nne. Weka mpira chini katikati. Mlinzi anasimama kwenye mstari akitazama nje, mshambuliaji anamkabili. Ukipiga filimbi, mshambuliaji anatakiwa auguse mpira, mlinzi anamzuia kwa mgongo kwa sekunde tano. Hakuna kuruka wala kurusha. Baada ya dakika kumi miguu inatetemeka, na wote wameelewa kwamba kazi inafanyika chini. Mvua za Februari zikitufukuza uwanjani, tunafanya hili kwenye baraza ya darasa.

Usisahau mitupo huru. Kwenye sheria za FIBA walinzi wanapewa nafasi tatu za kusimama kando ya mrushaji na washambuliaji mbili, na nafasi za karibu na ringi ni za walinzi. Kupokonywa hapo ni uzembe mtupu.

Mwalimu, mwanangu anarudi na michubuko na refa anampigia faulo. Hii si vita?

Mama, nakuelewa. Kumgeuzia mtu mgongo na kuilinda nafasi uliyoiwahi kunaruhusiwa. Kumshika jezi, kumkumbatia, kumsukuma kwa mikono au kurudi nyuma kwa nguvu ukimng'oa, hiyo ni faulo. Mikono iwe juu, viwiko wazi bila kupiga. Akijifunza hivyo, michubuko itapungua na faulo pia.

Tatizo la timu likiwa ribaundi, si wasajili mtu mmoja mrefu yaishe?

Wakati mwingine husaidia. Lakini mdakaji bora wa timu anaweza asionekane kwenye orodha. Msimu ule wa Westbrook, Steven Adams alikuwa akiwabeba wapinzani kwa mgongo ili gadi wake achukue mpira na kuanza kukimbia. Brook Lopez, senta wa sentimita 213 hivi, kwa miaka aliyokuwa Milwaukee alipata ribaundi chache kwa mtu wa urefu wake, kwa sababu alishughulika kuwafungia watu nje na Giannis Antetokounmpo akadaka. Ukimwondoa mtu wa aina hiyo kwa kuangalia namba zake, timu inaanza kuporwa na hakuna anayeelewa kwa nini.

Hilo nililijifunza kwa uchungu. Tulisafiri kwenda Iringa kucheza na chuo kimoja, basi likapita Makambako na Mafinga tukiwa tunaimba. Nilikuwa na kijana mmoja mpole, hafungi, na kwenye daftari langu alikuwa na ribaundi moja au sifuri kila mchezo. Nikamweka benchi, nikamwanzisha mwenye misuli na ruka nzuri. Tuliongoza kwa pointi nne dakika ya mwisho. Wapinzani wakakosa, wakadaka, wakakosa, wakadaka, wakafunga. Wakakosa tena, wakadaka, wakafunga na faulo juu. Tukapoteza kwa moja. Yule mwenye ruka nzuri aliruka kila mara, akiwa nyuma ya mtu.

Usiku, kwenye basi la kurudi, nilifungua daftari nikachora safu mpya pembeni ya ribaundi. Nikaiandika "Mgongo". Tangu hapo, mtoto mmoja aliye nje ya mchezo anakaa na kalamu na kuweka alama kila mwenzake anapomfungia mtu nje, hata kama mpira kaudaka mwingine. Mechi ya kwanza baada ya Iringa, yule kijana mpole alikuwa na ribaundi moja, na kwenye safu ya Mgongo alikuwa na alama 19.